Mtegemezi

Namba arobaini na saba, dirisha la tatu.
Kiyoyozi kinavuma kama kina ugomvi na sisi.
Nje Sohar inachemka, lami inang'ang'ania soli,
na mimi nimepakata bahasha ya kaki
kama mtoto wa watu niliyeombwa kumshika.

Siku ya kumi na moja tangu tushuke.
Nguo bado zinanuka sanduku.
Mwanahija alitangulia mwaka juzi, muuguzi wa figo,
anawasafisha watu damu usiku kucha.
Sisi tumefuata, mimi, Ngwali na Time,
kwa jina lake, kwa mshahara wake, kwa sahihi yake.

Karani ni binti wa hapa, kucha zina hina.
Kiswahili chake ni cha bibi yake,
kimekaa kabatini muda mrefu, nondo hawakukigusa.
"Anayedhamini ni mke?"
Ni mke.
"Basi wewe, baba, ni mtegemezi."
Akaliandika kabla sijalitafuna.

Wete nilifundisha miaka kumi na tisa.
Rejista yangu ilibeba watoto sitini na wawili;
mimi niliita, wao wakaitika.
Kila muhula niliwaandikia ubaoni wamalizie:
Mtegemea cha nduguye...
Nao, sauti moja, kwa furaha isiyo na sababu:
...hufa maskini!
Leo nawasikia hapa, nyuma ya mashine ya maji.

"Kazi?"
Mwalimu. Hesabu, la tano mpaka la saba.
Akabonyeza, skrini ikakataa. Akabonyeza tena.
"Haikubali. Mtegemezi hana kazi."
Akauona uso wangu, akaongeza,
kwa ile huruma ya mtu mwenye foleni ndefu:
"Ni kompyuta tu, baba."

Watoto.
Ngwali, miaka tisa, cheti kipo.
Time, minne, cheti kipo, tarjuma ipo,
mhuri juu ya mhuri hata jina la mtoto limezama winoni.
"Mwingine?"

Hapo nikaitoa karatasi ya Raiye.
Kumi na mitatu. Wa dada yangu,
aliyetuachia mtoto hajaota jino,
na jino la kwanza kung'oka lilidondokea kiganjani mwangu.
"Uhusiano?"
Mpwa.
Kishale kikashuka, kikapanda, kikashuka:
mume, mke, mwana, binti.
"Mpwa hayumo."
Kwetu mpwa huingia jikoni kwa mjomba bila hodi,
hufunua chungu, huchagua nyama.
"Lete hati ya mahakama kwamba unamlea.
Ithibitishwe kwenu, ithibitishwe hapa, ndiyo urudi."
Mahakama!
Nani alikumbuka mahakama usiku ule,
jiko moja likichemsha maji ya maiti
na maziwa ya kumnyamazisha mtoto?

Mama yangu sikumtaja. Hakuulizwa.
Ana sukari, ana paa linalovuja,
na kila tarehe ishirini na tano hakai mbali na simu.

Nyuma ya bahasha, kwa kalamu ya kuazima, nikapiga hesabu:
mshahara mmoja;
fomu inasema vinywa vinne,
chungu kinasema vinane.
Mtoto wa la tano angenyoosha mkono:
Mwalimu, hao wengine wanakula wapi?

Nikatia sahihi.
Mkono haukutetemeka. Ila jina lilitoka dogo.

Nyumbani Mwanahija kalala na soksi za kazini.
Ngwali anamfundisha Time tarakimu za Kiarabu,
wanagombana juu ya saba na nane,
maana nane ni saba iliyopinduliwa.
Nikabandika wali. Nikapunguza moto.

Simu ikalia.
"Mjomba, na mimi nimeandikwa?"
Nikasema, sikusikii vizuri, mtandao unakatika.

Mtandao ulikuwa safi.
Nilimsikia hata akimeza mate.